Mazurka: Ngoma ya Wakulima wa Poland

Jina la Poland si geni kwetu watu wa Tabora. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Septemba 1990, alikuwa mtoto wa nchi hiyo. Leo twataka kueleza habari za ngoma ya wakulima wa huko, iitwayo mazurka, kwani ina fundisho kwetu.

Mazurka huchezwa kwa hesabu ya tatu: moja, mbili, tatu. Lakini kishindo hakiangukii moja sikuzote; mara nyingi huangukia mbili au tatu. Kwa hiyo mgeni hupotea upesi, bali mtoto wa kijijini hapotei. Iko mazurka ya kuchangamka, iko ya mbio na kuzunguka, na iko ya polepole yenye huzuni.

Frédéric Chopin alizaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Warsaw. Alipokuwa na miaka 14 alikwenda likizo katika kijiji cha Szafarnia, akawasikia wakulima wakipiga na kuimba. Hakuwadharau, aliwasikiliza. Novemba 1830 aliondoka kwao kwenda ng'ambo kupiga piano. Mwezi ule ule Wapolandi waliinuka kupigana na utawala wa Warusi, na mwaka uliofuata wakashindwa. Chopin hakurudi tena. Alikaa Paris, akafa huko mwaka 1849.

Katika maisha yake aliandika mazurka za piano zaidi ya 50. Nyingi ni fupi, zaisha kwa dakika chache. Si za kuchezwa kwa miguu, ni za kusikilizwa. Fungu moja, liitwalo Opus 17, lina mazurka nne, nalo lilichapishwa mwaka 1834. Ya kwanza yachangamka kama arusi. Ya nne yaenda polepole, na mwisho wake hautui: sauti zaachwa zikining'inia, kama mtu aliyeulizwa atarudi lini kwao, akanyamaza.

Wapolandi wengine waliokosa kwao walifika hata nchini mwetu. Katika vita kuu ya pili, Warusi waliwahamisha kwa nguvu Wapolandi wengi sana mpaka Siberia na Kazakhstan. Walipofunguliwa mwaka 1941, wengi walipitia Iran, na tangu 1942 baadhi yao waliletwa Afrika Mashariki. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Walikuwa na kanisa na shule, na watoto walifundishwa lugha, nyimbo na ngoma za kwao. Hata wimbo wa taifa lao ni mazurka. Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na kijiji cha kurudia, maana mashariki ya Poland ilikuwa imechukuliwa na Warusi. Wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Nyumba zilipotea, nyimbo hazikupotea. Makaburi ya waliofia Tengeru yapo hata leo.

Babu zetu nao walilijua jambo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo walikwenda wakiimba. Mzigo ulikuwa wa tajiri, lakini wimbo ulikuwa wao.

Je, sisi? Siku hizi arusini spika hulia usiku kucha, na mzee ajuaye nyimbo za mavuno hukaa pembeni, hana amwulizaye. Akifa, amekwenda nazo. Basi, ninyi wazazi na walimu wa kwaya, mwulizeni angali hai. Kijana mwenye simu na ainase sauti yake; ajuaye noti na aandike. Na watoto wafundishwe kucheza, wajue kishindo kinaangukia wapi, maana hilo karatasi haiwezi kulieleza lote. Chopin naye alianza kwa kusikiliza tu, kijijini, wakati wa likizo.