Fedha za Uzazi kwa Mama Anayejiajiri

Mke wa askari auzaye kahawa huko Kyondo, wilayani Kasese, hana mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, lakini mlipaji ni mwajiri wake. Tangu mwaka 2022 sheria yamruhusu anayejiajiri kuweka akiba kwa hiari katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Je, akiba hiyo itamletea mafao ya uzazi? La! Mfuko wa Tanzania, wenye jina lilo hilo, hulipa mafao hayo. Wa Uganda haulipi. Fedha za kujifungulia yafaa zitengwe kando, mimba ingali changa, mahali zinapotoleka upesi.