Turner na kona ya chini kulia

Kwenye kozi za fasihi tunaambiwa kwamba Ulaya, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, ilipitia kipindi cha ulimbwende. Neno hilo likitajwa darasani lazima mtu acheke, maana mlimbwende tunayemjua sisi ni yule mwenye taji jukwaani. Sasa ondoa taji. Walimbwende wa sanaa walikuwa watu waliochoshwa na kanuni kavu. Waliona kwamba hisia za binadamu zina ukweli wake, na kwamba dhoruba, moto au mlima unaotisha unaweza kumfundisha mtu jambo ambalo hesabu haifundishi. Mapenzi yalikuwemo, ila kidogo tu.

Kati ya wachoraji wao, ninayempenda ni Mwingereza Joseph Mallord William Turner. Ukimtaja kwenye vimbweta, kama kuna anayemjua, utajibiwa haraka kwamba jamaa alizaliwa na kipaji. Mimi nasoma ualimu, na neno kipaji huwa linanitia wasiwasi, kwa sababu likishatamkwa watu wanaacha kuuliza maswali. Picha zake zilitoka wapi hasa?

Tuanze nyumbani. Alizaliwa London mwaka 1775, mtaa wa Covent Garden, baba yake akiwa kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia. Mdogo wake wa kike alifariki angali mtoto. Mama yake aliugua akili, akapelekwa hospitali ya Bethlem mwaka 1800 na kufia huko mwaka 1804. Baba ndiye aliyebaki kuwa kila kitu. Alizitundika picha za mwanawe kwenye dirisha la kibanda cha kunyolea, wateja wakazinunua kwa shilingi chache. Baadaye mwana alipopata jina, mzee alihamia kwake akawa msaidizi wake, akimwambia turubai za kuchorea hadi alipofariki mwaka 1829. Turner hakuwahi kuoa.

Akiwa na miaka 14 aliingia shule ya Royal Academy, na mwaka 1796 alionyesha picha yake ya kwanza ya rangi za mafuta: wavuvi baharini usiku, chini ya mbalamwezi. Tangu hapo bahari haikumtoka. Ila msidhani alikuwa anakaa ndani akisubiri maono. Alikuwa mtembezi. Kila kiangazi alifunga mzigo wake mdogo na madaftari ya michoro, akazunguka Uingereza, na vita vilipotulia akavuka hadi Ufaransa, Uswisi na Italia. Alichora haraka kwa penseli, kisha rangi akaziweka akirudi. Alipokufa mwaka 1851 aliacha michoro na picha za rangi za maji zinazokaribia 30,000. Hapo kipaji kinaanza kufanana na mazoezi, tena ya kila siku.

Chanzo chake cha pili kilikuwa matukio. Oktoba 1834 majengo ya Bunge la Uingereza yaliposhika moto usiku, Turner alikuwa kwenye umati pembeni mwa mto Thames, akitazama. Moto ule ukazaa picha mbili kubwa. Meli ya kivita ya zamani, Temeraire, ilipovutwa na boti ya mvuke kwenda kuvunjwa, akaichora mwaka 1839. Treni zilipoingia, akachora treni ikikata mvua mwaka 1844. Kuna pia picha yake ya mwaka 1842, boti ya mvuke katikati ya dhoruba ya theluji, ambayo alidai aliipata baada ya kufungwa kwenye mlingoti kwa saa nne ili aione dhoruba kwa macho yake. Mimi hadithi hiyo naiamini nusu. Wahakiki wa wakati ule walivyoiona picha yenyewe walisema ni povu la sabuni na chokaa tu.

Lakini picha iliyonifanya niandike makala haya ni ya mwaka 1840. Wengi huiita Meli ya Watumwa. Kwa mtazamo wa kwanza unaona jua linazama, anga jekundu na la manjano kama linaungua, bahari imechafuka, na kwa mbali meli inayumba. Nzuri mno. Kisha jicho linashuka kona ya chini kulia, linakuta mguu wa binadamu umebaki juu ya maji, una pingu, na samaki wameuzunguka. Ukiangalia tena mawimbini, kuna mikono.

Wengi huihusisha picha hiyo na meli ya Zong. Mwaka 1781, ikitoka Afrika Magharibi kuelekea Jamaica, mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kwa madai kwamba maji ya kunywa yalikuwa yanakwisha. Wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Mwaka 1783 shauri likafika mahakamani London kama ugomvi wa mali iliyopotea. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa amejikomboa utumwani, ndiye aliyempelekea habari hizo mpinga utumwa Granville Sharp. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Mwaka 1840 Uingereza ilikuwa imeshafuta utumwa kwenye makoloni yake mengi, na kitabu cha Thomas Clarkson cha historia ya vita hiyo kilikuwa kimechapishwa upya mwaka mmoja kabla. Ila biashara yenyewe ilikuwa bado inaendelea duniani. Huku kwetu soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa wazi, na lilifungwa mwaka 1873.

Sasa hapo ndipo penye mfupa. Mwaka 1805 Turner mwenyewe alikuwa ameweka pauni 100 kwenye mradi wa ufugaji ng'ombe Jamaica, mradi uliotegemea kazi ya watumwa. Kwa hiyo aliyechora ule mguu aliwahi kutegemea faida kutoka kwenye jasho la watu wa namna ile ile. Kuna wanaosema basi picha ni unafiki, na wengine wanasema ni toba. Mimi nakataa yote mawili, maana hakuna anayeweza kuingia kifuani mwake. Ninachokiona ni kwamba miaka 35 inatosha mtu kubadilika, na kwamba fedha ile nayo ni sehemu ya historia ya picha, sawa na bahari na machweo. Mwalimu atakayefundisha machweo peke yake atakuwa amefundisha nusu.

Na si kwamba hilo halijawahi kutokea. John Ruskin, mhakiki aliyemtetea Turner kuliko wote, aliandika mwaka 1843 kurasa za sifa kuhusu bahari ya picha hiyo, na habari ya watu waliotupwa akaiweka kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Mwaka uliofuata baba yake akamnunulia picha yenyewe. Akaishi nayo miaka mingi, kisha ikauzwa Marekani.

Sehemu kubwa ya kazi za Turner aliwaachia Waingereza kwa wasia, na nyingi ziko Tate, London. Hii haimo. Iko Makumbusho ya Sanaa ya Boston, na kwenye tovuti yao utaiona bila malipo, ukiwa na bando. Ikifunguka, ikuze, uanzie chini kulia, ndipo upande juu kwenye jua.