Ndugu Wawili, Sikoseli Moja

Katika kliniki za selimundu, ugonjwa ambao mitaani tunauita sikoseli, liko swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaona haya kulitamka. Watoto wao wawili wamezaliwa na ugonjwa uleule, baba mmoja, mama mmoja. Wa kwanza anakwenda shule, anacheza mpira, maumivu humjia kwa nadra. Wa pili hamalizi miezi miwili bila kulazwa. Anaongezewa damu, analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, na majirani wameshaanza kusema yao. Kwa nini huyu na si yule?

Sehemu ya jibu ni mambo tunayoyaona: malaria, maambukizi, lishe, umbali wa hospitali. Lakini sehemu kubwa imo ndani ya damu yenyewe, na ilibidi kompyuta zisaidie kuitafuta.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Maelezo ya kuitengeneza yameandikwa kwenye DNA, ambayo ni kama kitabu cha herufi bilioni 3 hivi. Mtu mwenye aina iliyoenea zaidi ya selimundu amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili kosa la herufi moja tu. Herufi moja! Kosa hilo linatosha kuzifanya protini hizo zishikamane na kuwa nyuzi ngumu kila zinapoachia oksijeni. Chembe hujipinda ikawa na umbo la mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na hufa baada ya wiki mbili au tatu, ilhali chembe ya kawaida huishi miezi minne.

Mwaka 1948, daktari wa Brooklyn, New York, Janet Watson, aliandika juu ya jambo ambalo mama zetu wanalijua kwa macho: mtoto huzaliwa mzima. Miezi ya mwanzo inapita salama, kisha anapokaribia nusu mwaka vidole vinavimba na kilio kinaanza. Sababu ni kwamba mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini nyingine, ya kichanga, iliyoandikwa kwenye jeni tofauti isiyo na kosa lile. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima polepole na kuwasha ile ya utu uzima. Wapo watu wachache ambao mwili wao hauizimi yote. Huendelea kuwa na kiasi fulani maisha yao yote, na kiasi hicho huzizuia nyuzi zile kushikamana. Mara nyingi yule ndugu mwenye nafuu ni mmoja wao.

Basi nani anaizima? Kwa miaka mingi watafiti walipekua karibu na jeni za himoglobini zenyewe, kwenye kromosomu ya 11. Lilikuwa wazo la busara, kwani ukitaka kujua nani kazima taa unaanza na chumba kile kile. Walipata alama kadhaa za msaada, ila swichi yenyewe hawakuipata.

Ikabidi kitabu kizima kipekuliwe. Tenzi za zamani za pwani zilitufikia kwa kunakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, na kila mnakili aliacha tofauti ndogo, herufi hapa, neno pale. DNA nayo hunakiliwa hivyo hivyo toka mzazi hadi mtoto. Sasa chukua watu wengi, uwapange kwa kiasi cha himoglobini ya kichanga walichobaki nacho, kisha upitie nafasi moja baada ya nyingine ambapo maandishi yao hutofautiana. Kila nafasi unaiuliza swali moja tu: je, wenye kiasi kikubwa wana herufi hii mara nyingi kuliko wenye kiasi kidogo? Hakuna mwanadamu awezaye kuuliza hivyo mara laki tano, au mara milioni, bila kuchoka. Kompyuta inaweza.

Ugumu wake umejificha kwenye hesabu, na napenda tuutazame kwa sababu hapo ndipo uaminifu wa sayansi hii ulipo. Ukiuliza swali mara milioni 1, bahati tupu itakudanganya. Kwa kipimo cha kawaida cha utafiti, kinachokubali kukosea mara 1 katika 20, ungeletewa ishara za uongo 50,000, na kila moja ingependeza machoni. Kwa hiyo watafiti wa fani hii hawaamini ishara yoyote mpaka uwezekano wa kuzuka kwake kwa bahati uwe chini ya mara 5 katika milioni 100. Nayo ikishavuka kizingiti hicho, huenda kuitafuta tena kwa watu wengine kabisa.

Mwaka 2007 kundi la watafiti wa London lilichapisha ishara iliyovuka. Mwaka uliofuata ikaonekana tena kwa zaidi ya watu 4,000 wa kisiwa cha Sardinia, nchini Italia. Haikuwa kwenye kromosomu ya 11 hata kidogo. Ilikuwa kwenye kromosomu ya 2, ndani ya jeni iitwayo BCL11A, ambayo wanasayansi waliifahamu kwa habari za chembe nyeupe na saratani zake. Hakuna aliyeituhumu kwa lolote kuhusu himoglobini. Kompyuta haikuwa na mtuhumiwa kichwani; ilipita nyumba kwa nyumba.

Lakini ishara si ushahidi. Mwaka huohuo wa 2008 huko Boston, Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao waliipunguza nguvu BCL11A katika chembe zinazozaa damu, na himoglobini ya kichanga ikarudi. Hapo ndipo swichi ilipoguswa kwa mkono.

Mwishoni mwa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba iliyojengwa juu ya ugunduzi huo. Uboho wa mgonjwa ndio kiwanda cha damu. Chembe mama zake hutolewa, kipande cha DNA kinachoiamuru BCL11A ifanye kazi katika chembe nyekundu hukatwa, kisha chembe hizo hurudishwa mwilini. Wagonjwa waliokuwa wakilazwa kila mara wamekaa mwaka mzima bila shambulio la maumivu. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Siwezi kuziandika namba hizi mbili jirani bila uchungu.

Iliyo karibu nasi ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopandisha himoglobini hiyohiyo ya kichanga, nayo ilijulikana kabla ya habari zote hizi za kompyuta. Ilihofiwa kwamba katika nchi zenye malaria ingewadhuru watoto. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Mzazi aliye na mtoto mwenye sikoseli ana haki ya kumuuliza daktari kuhusu dawa hii leo.

Nayo kompyuta ina upofu mmoja: haioni kisichowekwa mbele yake. Ishara ya kwanza ilitoka kwenye damu ya Wazungu, wakati wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika. Na Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za DNA duniani. Mwaka 2020 watafiti waliposoma DNA yote ya watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika, walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Katika hizo huenda zimo swichi nyingine, labda zilizo rahisi kuguswa kwa kidonge.

Dar es Salaam kazi hiyo imeshaanza. Tangu 2004, hospitali ya Muhimbili imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, kliniki hadi kliniki. Mwaka 2014 uchambuzi wa DNA ya zaidi ya 1,200 kati yao ulichapishwa, na BCL11A ikajitokeza humo pia, wazi. Wamo wale ambao mwili wao ulikataa kuizima himoglobini ya kichanga, na wamo wale waliolia usiku kucha. Wote walinyoosha mkono, wakatolewa damu kidogo, wakarudi nyumbani kwa daladala.