Mfuko wa nyongo ukivimba, usingoje wiki sita

Umekula pilau ya harusi usiku, pale Msimbati au Mikindani. Saa chache baadaye unashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi mgongoni na begani. Unatapika. Unameza dawa ya vidonda vya tumbo na kusubiri kupambazuke.

Maumivu hayo yakipita saa sita, yakaja na homa, na ukivuta pumzi ndefu yanakukata, huenda si vidonda vya tumbo. Huenda ni mfuko wa nyongo.

Mfuko huu upo chini ya ini na hutunza nyongo inayosaidia kusaga mafuta. Jiwe likiziba njia yake, nyongo hukwama na mfuko huvimba. Ukicheleweshwa unaweza kujaa usaha, kuoza na hata kupasuka. Wanawake, wanene na waliovuka miaka 40 wamo hatarini zaidi. Mwenye selimundu anaweza kupata mawe haya tangu utotoni, kwa kuwa chembe zake nyekundu za damu huvunjika haraka.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi. Tiba ya kudumu ni kuutoa mfuko, na utaishi vizuri bila huo kwa sababu ini huendelea kutengeneza nyongo. Upasuaji wa matundu madogo, uliofanywa kwanza na Mjerumani Erich Mühe mwaka 1985, hutumia kamera badala ya kuchana tumbo.

Ufanyike lini? Zamani mgonjwa alipewa dripu na antibayotiki, akaambiwa arudi baada ya wiki sita uvimbe ukishatulia. Utafiti ulioongozwa kutoka Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuatilia wagonjwa 618. Waliopasuliwa ndani ya saa 24 tangu kulazwa, takriban 12 kati ya kila 100 walipata madhara. Waliosubiri siku 7 hadi 45, walikuwa 34.

Sababu ni kwamba siku za mwanzo uvimbe bado ni laini, na daktari hutenganisha nyama kwa urahisi. Baadaye makovu hugandamana. Ndiyo maana saa 72 za mwanzo ni bora zaidi, ingawa hata ndani ya wiki moja bado inafaa.

Kumbuka, saa hizo huhesabiwa tangu maumivu yaanze, si tangu ufike Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Basi usingoje mnada wa korosho upite ndipo utafute nauli. Macho yakiwa ya manjano, nenda siku hiyohiyo.

Pasipo na vifaa vya matundu madogo, uliza kama upasuaji wa kawaida unawezekana hapo au upewe rufaa mapema; Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500. Wapo wanaolazimika kusubiri, kama mwenye moyo dhaifu. Lakini ukiambiwa urudi baada ya wiki sita, muulize daktari kwa heshima: "Kwa hali yangu, tunasubiri nini?"