Kutuliza Mwili na Moyo: Msaada kwa Wenye Vidonda Sugu vya Kisukari

Katika parokia zetu wapo waamini wasioonekana tena kanisani wala katika Jumuiya Ndogo Ndogo, si kwa sababu imani yao imepoa, bali kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona. Wanaona haya kwa harufu yake, wanahofia kukatwa mguu, na usiku hawapati usingizi. Hofu hiyo haiishii moyoni. Hukifikia hata kidonda chenyewe.

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi, hata mtu akachomwa na msumari asijue. Huathiri pia mishipa ya damu, kidonda kikakosa damu ya kutosha. Mgonjwa akilemewa na hofu, mwili hutoa homoni za adrenalini na kortisoli, ambazo hupandisha sukari, hubana mishipa midogo ya damu na kudhoofisha kinga. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwalinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kidonda kidogo kilichofanywa mkononi kwa ajili ya utafiti kilichelewa kupona kwa siku 9 hivi kwa wale waliokuwa wakiuguza. Utafiti huo haukuhusu kisukari, lakini watuonyesha kwamba mahangaiko huchelewesha uponaji.

Njia ya kwanza ya kujituliza ni pumzi. Mgonjwa aketi au alale vizuri, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi 4, tumbo likijaa, kisha aitoe polepole akihesabu hadi 6. Afanye hivyo kwa dakika 5 hadi 10, hasa kabla ya kusafishwa kidonda na kabla ya kulala. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Yapendeza kujua kwamba mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walieleza katika jarida la British Medical Journal kuwa kusali Salamu Maria za rozari kwa Kilatini huipunguza pumzi hadi karibu kiasi hichohicho. Rozari ni sala, wala si dawa. Hata hivyo, mwili nao hutulia pamoja na roho inayosali.

Njia ya pili ni kulegeza misuli, iliyoenezwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson katika kitabu chake cha mwaka 1929. Mgonjwa hukunja ngumi kwa sekunde 5, kisha huziachia na kusikiliza jinsi mikono inavyolegea. Hufanya vivyo hivyo kwa mabega, uso na tumbo. Mguu wenye kidonda usikazwe, usikandwe, wala usitumbukizwe katika maji ya moto, kwa maana ganzi huficha hatari.

Tusidanganyike: mbinu hizi hazichukui nafasi ya dawa, chakula kinachofaa, kusafisha kidonda, wala kuupumzisha mguu usikanyagiwe. Kidonda kikitoa usaha au harufu mpya, ngozi ikiwa nyeusi, wekundu ukienea au homa ikipanda, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa familia na jumuiya, wajibu ni mwepisi na mzito kwa pamoja. Mtakatifu Yohane Paulo II alianzisha Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, nayo huadhimishwa kila tarehe 11 Februari. Tusiingoje tarehe hiyo. Tumtembelee mgonjwa, tuketi karibu naye bila kuziba pua, tuvute pumzi taratibu pamoja naye, tusali naye, kisha tumsindikize kliniki. Aliyeacha kujificha kwa aibu huwahi matibabu, na kuwahi matibabu huweza kuuokoa mguu.