Ufuko wa Karema

Ufuko wa Karema ni sehemu ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Huvutia wageni kwa mambo matatu: jua la kiangazi, maji maangavu na majengo ya kale ya misheni. Mambo ya namna hiyo ndiyo yanayowapeleka watalii Puglia, kusini mwa Italia. Tofauti ni kwamba maji ya Karema ni baridi bila chumvi.

Jiografia

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Limegawanywa kati ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa kuwa ufuko unatazama magharibi, jioni jua huzama ziwani. Majini kuna dagaa, migebuka na samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao aina zao nyingi hazipatikani kwingine duniani.

Historia

Mwaka 1879 Mbelgiji Ernest Cambier alianzisha kituo Karema kwa niaba ya shirika lililoundwa na mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika. Wakati wa kuanzishwa kwake kilikuwa karibu na maji, lakini baadaye ziwa lilishuka, kwa kuwa maji yalipata njia ya kutokea kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo.

Mtu anayekumbukwa zaidi ni Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, kisha akasomea uganga huko Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawa katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956.

Usafiri

Msafiri anayetoka Kasansa, katika bonde la Rukwa, hupita Majimoto, Usevya na Kibaoni, kisha huvuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Sitalike, ambako viboko huonekana katika mto Katuma. Kutoka hapo huenda Mpanda, halafu hugeukia magharibi kuelekea ziwani. Wanaotoka mbali wanaweza kufika Mpanda kwa reli inayopitia Kaliua. Wakati wa masika barabara za udongo huwa na matope, hivyo miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa zaidi.

Tahadhari

Maji kuwa maangavu si dalili kwamba ni salama kila mahali. Ziwa lina mamba, na kichocho hupatikana katika baadhi ya sehemu zenye majani na maji yaliyotulia. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huleta mawimbi makubwa. Mgeni awaulize wenyeji kabla ya kuoga au kupanda mtumbwi.

Uhifadhi

Ziwa hili ni riziki ya wavuvi kabla ya kuwa mandhari ya wageni. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei, ili samaki wapate kuzaliana. Katika kipindi kama hicho familia za wavuvi hukosa kipato cha kawaida. Mgeni anayelala kijijini, kula kwa mama lishe na kulipia usafiri wa wenyeji huwaongezea njia nyingine ya kujipatia fedha.