Kamera isile ada ya mtoto

Bila shaka umekwisha kuona jambo hili mtaani kwako. Jioni ya Jumapili wazee wamelizunguka bao chini ya mwembe, na kijana mmoja yu pembeni, simu mkononi. Anataka jamaa zake walioko Mwanza au Muscat wauone mchezo wakati ule ule unapochezwa. Nia yake ni njema, kwani mchezo usioonwa na vijana haurithiwi. Matata huanza anapoambiwa kuwa bila kamera ya bei kubwa hafanyi kitu, naye akaanza kuzitupia macho fedha zilizowekwa kwa ada ya shule.

Kabla ya kwenda dukani, hapana budi kujiuliza: naonyesha nini? Bao lina mashimo 32 na kete 64, na vyote viko mahali pamoja, karibu na mtazamaji. Simu ya kawaida yatosha, mradi itumike kamera yake ya nyuma, ambayo aghalabu ni bora kuliko ya mbele. Mpenzi wa mashindano ya ngalawa ana shida nyingine. Chombo kiko mbali, na simu nyingi za bei nafuu zikilazimishwa kukivuta huikuza picha tu hadi ikafifia. Huyo ndiye mwenye sababu ya kufikiria kamera yenye lenzi ya kuvuta.

Hata hivyo, asifanye haraka. Kamera nyingi za mtumba haziwezi kurusha matangazo zenyewe. Huhitaji kompyuta na kifaa cha kupitishia picha, navyo vina bei yake. Mnunuzi na adai kuonyeshwa, pale pale dukani, kwamba picha inatoka safi bila maandishi ya vipimo juu yake.

Fedha zianzie wapi?

Kwanza ni utulivu wa picha. Bao huonekana vizuri likitazamwa kutoka juu, na seremala wa mtaani aweza kuunda kiunzi cha kushikilia simu kwa vipande vya mbao vilivyobaki.

Pili ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini mvumo wa upepo humfukuza. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati, kilichovikwa sponji au manyoya, huleta nafuu kubwa. Hakikisha waya wake unaingia katika tundu la simu yako.

Tatu ni umeme na jua. Matangazo humaliza betri upesi, hivyo pawabanki ni ya lazima. Simu ikichomwa na jua hupunguza kazi, na mwisho hujizima. Iweke kivulini.

Hesabu ya bando

Hapa ndipo wengi hunaswa. Picha ya kiwango cha kati ikirushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde, hutumia takriban gigabaiti 1.35 kila saa. Mchezo wa muda wa saa 2 utakula gigabaiti 2.7. Kamera ya 4K haina faida ikiwa mtandao wa mahali pako hauwezi kuisafirisha picha hiyo. Utakuwa umelipia ubora usiomfikia mtu. Pima kwanza kasi ya kupakia, palepale mwembeni, saa ile ile ya mchezo. Tena, YouTube hudai wafuatiliaji wasiopungua 50 kwa anayerusha kwa simu, na kibali cha mara ya kwanza chaweza kuchukua saa 24. Usiwakusanye wazee kabla ya hayo, wala usiwarushe hewani bila ridhaa yao.

Basi, baba na mama wa nyumba wakae pamoja na kijana wao, waandike gharama zote, bando likiwemo. Aanze na simu aliyonayo kwa Jumapili chache. Kasoro zitakazojitokeza ndizo zitakazomwambia cha kununua, na pengine atagundua kuwa alichokosa ni sponji tu.